Rili Isiyo na Breki

Palikuwa na jiwe moja kando ya ziwa, Musoma, ambalo juu yake Bwire alivua sangara kila siku, na Bosi Mugeta, mwenye kifua kipana na hoteli mbili, akalitaka. Akaja na wageni wake, mpiga picha, na fimbo mbili za kuvulia zenye rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi.

"Chagua yako. Ambaye chambo chake kitaangukia mbali zaidi, jiwe ni lake."

Bwire aliipita ile ndefu ngumu, akaipuliza rili ya ile fupi. Ikazunguka kama feni.

"Naomba hii."

"Hiyo haina breki, bwana! Na fimbo yenyewe imelegea kama mlenda."

"Ndiyo saizi yangu, bosi. Lete ndoana nikufungie chambo, usije ukanuka dagaa mbele ya wageni wako."

Mugeta alimpa ndoana huku akimtabasamia mpiga picha wake. Kisha akatupa kwa nguvu zote. Rili ya Bwire nayo ikalia vuuuu, mshipi ukaenda, na Bwire hakuinua hata mkono.

"Haya, tupa!"

"Tayari, bosi."

Wavuvi waliokuwa mtumbwini kule ziwani wakapiga kelele: "Vimeanguka viwili! Cha Bwire kimetangulia shubiri nzima!"

Mugeta akauvuta mshipi wake haraka. Chambo cha Bwire kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa shubiri moja kwenye ncha ya chambo chake.

"Ahsante sana," Bwire alisema, akijikalia jiweni. "Mkono wangu mimi usingefika kule."