Kostiki Kwenye Kopo la Magadi

Sogeeni karibu, na wabishi wakae mbele, maana hii ninayowapa leo si ya kusikiliza mkaenda zenu. Mtaniamulia.

Palikuwa na wasichana watatu wa kidato cha tatu, shule ya bweni huko Upareni. Husna alikuwa na macho: akikutazama tu anajua jana ulilia. Eliwaza alikuwa na kichwa: kemia kwake ilikuwa kama umbea, hasahau hata neno. Na Nakijwa alikuwa na mikono. Haikuwahi kuvunja hata chupa moja, ndiyo maana Mwalimu Mchomvu alimkabidhi ufunguo wa kabati la maabara.

Ijumaa moja walijifunza kutengeneza sabuni kwa mafuta na kostiki, ile kemikali nyeupe inayochubua ngozi. Chombo cha kostiki kikapata ufa. Nakijwa akaazima kopo tupu la magadi jikoni, akamimina humo iliyobaki. Alijua fika kwamba anatakiwa kubandika jina na kulifungia kabatini. Lakini maji ya bafuni yalikuwa karibu kukatwa, naye amejaa mafuta hadi kwenye nywele. "Nitaandika kesho," akasema, akaliacha mezani.

Sasa, shule ile ilikuwa na sheria: kilichoazimwa jikoni lazima kirudi jikoni kabla ya chakula cha jioni. Wasichana wa zamu wakapita maabara, wakaliona kopo, wakalirudisha. Msiwalaumu, walifanya kazi yao.

Jumamosi ikawa siku ya makande. Mama Mbonea, mpishi, akatia magadi yake kama kawaida ili mahindi na maharage yaive upesi, kisha akanyunyiza bizari ya manjano.

Husna alikuwa wa kwanza kwenye foleni. "Jamani, simameni! Makande gani haya mekundu kama damu, na nyanya hazimo?" Akaziba bakuli la kwanza kwa kiganja. Wasichana mia tatu wenye njaa wakamzomea, wakamwambia anadeka. Hakuondoa mkono.

Eliwaza akachota mchuzi kwenye sahani, akaukamulia limau. Wekundu ukafifia, umanjano ukarudi. "Manjano hugeuka mekundu yakikutana na besi, kinyume cha asidi kama ya limau," akasema. "Humu mna besi kali. Msile!"

Mama Mbonea akaangua kicheko cha hasira. "Kwani magadi si besi hiyohiyo? Miaka kumi na tisa nawatilia magadi, leo ndiyo mmeyaona?"

Eliwaza akakubali kwa kichwa. Kweli, magadi ni besi. Foleni ikaanza kusukumana tena.

Nakijwa je? Alikuwa ameshaliona kopo lile kwenye dirisha la jiko. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliwaza ufunguo utakavyochukuliwa, na mama yake aliyewatangazia majirani wote kwamba mwanawe ndiye bwana mkubwa wa maabara. Mwalimu Mchomvu akaja, akaanza kumfokea Mama Mbonea kwa kuharibu chakula, mbele ya watoto, mtu mzima yule, na Nakijwa akanyamaza. Eti akanyamaza! Kila neno la mwalimu lilimstahili yeye, na alimwacha mwingine alipokee.

"Basi ngojeni nionje mwenyewe," akasema Mama Mbonea kwa uchungu, akainua mwiko.

"Mama, usionje! Ni kostiki! Niliiweka mimi!"

Mwiko ukaanguka. Jiko zima likamgeukia Nakijwa, naye akafunika uso kwa mikono ileile iliyosifiwa. Makande yakamwagwa shimoni, na siku hiyo shule nzima ilikunywa uji.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Onyesho la sayansi Dodoma, nafasi moja tu, kwa mwanafunzi aliyewafaa wenzake kwa alichojifunza darasani. Mkuu wa shule akawaita wote watatu. "Aamue Mama Mbonea," akasema. "Mdomo ulioponea chupuchupu ni wake."

"Ningetoa mkono, bakuli la kwanza lingeshaliwa," akasema Husna.

"Bila limau langu mngesema ni bizari mbovu tu," akasema Eliwaza.

"Mimi nifuteni," akasema Nakijwa, macho chini.

Mama Mbonea akawatazama mmoja mmoja. "Nyie wawili mlinionya, sikuwasikia. Huyu ndiye niliyemsikia." Akamnyooshea Nakijwa kidole. "Lakini ndiye huyohuyo aliyeniwekea sumu jikoni, akaniacha nifokewe."

Nakijwa akaona aibu upya. Si kwa ajili ya kopo tu. Alikuwa amesema afutwe, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa anaomba Mama Mbonea ataje jina lake.

Mama Mbonea ameshashika kalamu, na mpaka leo hajaandika. Haya, wabishi wangu: ingekuwa mikononi mwako, ungeandika jina la nani?