Jina Moja la Mzee Hatibu

Hapo zamani, si zamani za majini na wafalme bali zamani hizi hizi za juzi, palikuwa na mwalimu aliyefundisha kwa kufunga mdomo. Jina lake Salha Mbwana, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu tiba ya usemi, namna ya kuwarudishia maneno watu walioyapoteza. Wanafunzi walitibu ndani ya chumba; yeye alikaa nyuma ya kioo, akiwaona wasimwone. Na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wengi, kila kipindi kilipoanza alibugia funda la maji, akakaa nalo. Akitaka kuingilia, sharti kwanza ameze, na akimeza amekwisha fikiri mara ya pili. Alifundisha hivyo miaka kumi na tisa, wala hakuwa na shaka hata chembe kwamba hakuna aliyefundisha vizuri kumshinda.

Siku moja akaletwa Mzee Hatibu. Kiharusi kilimwachia miguu, kikamwachia akili, kikachukua maneno yote. Miezi saba hakutamka hata "ndiyo". Na binti yake, Raya, alikuwa anaolewa baada ya miezi mitatu. Baba ndiye anayeozesha. Asipoweza, huweka wakili, na mdogo wake mzee alikwisha jitolea. Mzee alipoambiwa hilo alitikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka. Alitaka kuyasema mwenyewe maneno manne: "Nimekuozesha binti yangu Raya."

Akakabidhiwa Nsia, mwanafunzi wa mwaka wa nne, hodari, mwenye faili lisilokosa ukurasa. Ndani ya faili lile familia iliomba jambo moja: mzee asiamkiwe, maana hawezi kuitikia, naye huona aibu. Nyumbani watoto, wajukuu na majirani wote walikwisha acha kumwamkia. Walimwambia "pole" tu, wakapita. Nsia akatii. Siku ya kwanza akaonyesha picha: kikombe, mbuzi, mwavuli. Mzee kimya. Siku ya pili kikombe, mbuzi, mwavuli. Mzee kimya, na machozi yakamtoka.

Nyuma ya kioo Salha alikwisha jua. Alijua tangu dakika ya kwanza, maana maneno yaliyozoeleka mno, kama kuitikia salamu, mara nyingi hubaki hata lugha inapokwenda. Yale machozi yalimuuma roho. Funda lilikuwa mdomoni, na hakulimeza.

Siku ya tatu Bi. Sikudhani, mfagizi aliyerudi siku hiyo kutoka likizo, akapita mlangoni na ndoo yake. Yeye faili hakulisoma. Aliona mtu mzima amekaa, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia Mzee Hatibu.

Nsia akaziweka picha chini. Akasema shikamoo, mzee akasema marahaba. Akatoka nje, akabisha hodi, akaingia, shikamoo, marahaba. Siku hiyo alimwamkia mara arobaini. Tangu hapo akawa anakwenda nyumbani kwa mzee kila asubuhi kabla ya masomo. "Marahaba" ikazaa "marahaba, binti yangu". "Binti yangu" ikazaa "binti yangu Raya". Na wiki ya kumi "nimekuozesha" ikatoka, nzito lakini nzima.

Zikabaki wiki mbili. Mzee akaonyesha kwa ishara kwamba akishaozesha, anataka kumshukuru kwa jina, mbele ya watu, aliyemrudishia ulimi wake. Lakini kila jina jipya lilimlia wiki mbili za mazoezi, kwa hiyo lingekuwa jina moja tu. Raya akawaita wote watatu, mfagizi, mwanafunzi na mwalimu wake, akawaomba kila mmoja aseme haki yake, baba yake asikie.

Bi. Sikudhani akaanza. "Nyinyi mna vyeti, mimi nina adabu. Neno la kwanza alinijibu mimi. Nisingefungua mlango, mngeingilia wapi?"

Nsia akasema, "Marahaba haiozeshi mtu. Bi. Sikudhani aliamkia mara moja, mimi nimekwenda asubuhi sabini. Na mwalimu alijua, akaniacha na mbuzi wangu na mwavuli wangu. Mzee alilia, yeye kakaa na maji yake."

Salha hakukana. Kusema kweli, alilitaka jina lile. Miaka yote wagonjwa walimshukuru mwanafunzi waliyemwona. Wa nyuma ya kioo hakuna aliyemjua. Akajibu kwa sauti ile ile ya darasani.

"Nilijua. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ningeingia, angepona mzee mmoja. Sikuingia, na Nsia hatasahau maisha yake yote. Atawasemesha wazee ambao mimi sitawaona. Na siku ile marahaba ilipotoka, wengi wangesikia salamu tu. Yeye alisikia dawa. Sikio hilo nani alimfundisha?"

Mzee Hatibu akawatazama mmoja mmoja, kisha akamshika Raya mkono wakaingia ndani. Wiki mbili baba na binti walifanya mazoezi, mlango umefungwa.

Siku ya ndoa mzee akashika mkono wa bwana harusi, akasema mwenyewe, neno kwa neno, "Nimekuozesha binti yangu Raya." Bwana harusi akakubali, watu wakamshukuru Mungu, na yule mdogo wake mzee akalia kuliko wote. Kisha mzee akainua mkono, ua mzima ukanyamaza. Mfagizi, mwanafunzi na mwalimu walisimama bega kwa bega. Mzee akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Basi nami nanyamaza hapo hapo, semeni nyinyi. Mmoja aliamkia, mmoja alihangaika, mmoja alijizuia. Jina ni moja. Je, nani alistahili?