Siku Bi Nakunda Alipokiri Maharage

Hii nimetumiwa asubuhi na wifi yangu, ambaye kwa kawaida hutuma picha za maua na salamu za Jumatatu tu. Leo ametuma kitu cha maana, nami siwezi kukaa nacho peke yangu. Isome mpaka mwisho, usiruke ruke kama ulivyozoea.

Katika nchi moja ya milima ilitoka sheria mpya. Ilisema bangi ya kutengenezea dawa inaweza kulimwa kwa kibali, ndani ya vitalu nyumba vyenye uzio na mlinzi. Sheria ilieleza kila kitu isipokuwa jambo moja: vitalu hivyo vijengwe kwenye ardhi ya kilimo au kwenye eneo la viwanda? Uamuzi huo ukaachiwa kila kata. Basi, hapo ndipo vurugu zilipoanzia.

Bi Nakunda alikuwa mjane mwenye ekari saba alizoachiwa na baba yake. Kahawa yake ilikuwa imekauka kwa ugonjwa, mahindi yalikuwa yamegoma, na dalali wa viwanja alikuwa akipita kila wiki kumsalimia kwa tabasamu refu. Kampuni moja ya dawa ikamwambia, ukipata ruhusa ya kata, tutajenga vitalu kwako na tutalima pamoja. Akiruhusiwa, shamba linabaki lake. Akikataliwa, itabidi auze, na kaburi la baba yake liishie nyuma ya choo cha mtu asiyemjua.

Aliomba. Watu wa kata wakampinga. Ikapita miaka miwili na vikao vinane.

Katika kikao kimojawapo ofisa wa ardhi aliulizwa, "Hebu tuambie, hiki ni kilimo au ni kiwanda?"

"Mche ukiwa kwenye udongo ni kilimo," akajibu. "Ukianza kuukausha na kuufungasha, ni kiwanda."

"Na chai je? Si tunaikausha humu humu?"

Ofisa akafunua faili lake, akalifunga. "Chai ni suala lingine," akasema. Watu wakacheka mpaka machozi, na kikao kikaahirishwa.

Mpinzani mkubwa alikuwa Mzee Senkondo, mstaafu wa serikali mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. "Ardhi ya chakula ibaki ya chakula!" alikuwa akinguruma. "Leo bangi, kesho nini?" Makofi hayo! Wapo waliohofia harufu, wapo waliohofia wezi, wapo waliohofia watoto wao kuharibika. Hofu hizo si za kuchekwa, hata mimi ningeuliza. Ila jamani, mtu akishapigiwa makofi mara nane, huanza kuyapenda makofi kuliko swali lenyewe.

Mwenyekiti wa baraza la ardhi la kata alikuwa Bi Navoneiwa, mkunga aliyekwisha kustaafu, mtu wa maneno machache. Alichoka. Akatangaza kwamba kikao cha tisa kingefanyika shambani kwa Bi Nakunda, kwa desturi ya zamani, na uamuzi ungetolewa siku hiyo hiyo.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Shauri la ardhi lilisikilizwa juu ya ardhi inayogombewa. Kulitandikwa mkeka, na kila aliyetaka kusema aliweka juu yake kitu alichokichuma au kukichimba shambani mwake mwenyewe wiki hiyo. Asiyeweka hasemi wala hanyooshi mkono. Mwisho wa shauri vyote hupikwa na kuliwa pamoja, aliyeshinda na aliyeshindwa. Wazee wa zamani waliona ni haki ardhi iamuliwe na wanaoilima.

Siku ilipofika, watu wakafurika. Mkeka ulijaa ndizi, viazi, magimbi na maboga, ungedhani ni sikukuu ya mavuno. Mzee Senkondo aliweka mkungu wa ndizi ambao alihitaji msaada kuubeba. Bi Nakunda aliweka kikapu cha maharage. Mwisho kabisa akaja Mbonea, jirani yake wa upande wa chini, mtu mpole wa kulima mboga, akaweka fungu la mchicha lililonyauka kidogo kwa jua.

"Mchicha!" mtu mmoja akacheka. "Mbonea, umetuletea kitoweo au umeleta aibu?"

Mbonea akatabasamu tu, akaketi.

Maneno yakaanza. Senkondo akanguruma, akapigiwa makofi. Wa pili akanguruma kama yeye, naye akapigiwa. Jua likapanda. Wakati huo Mama Kitojo, muuza ndizi wa gulioni ambaye kata ilimwomba aje kupika, alikuwa amewasha moto, akaja mkekani kuchukua vya kumenya. Akainama, akageuza mkungu mmoja, akageuza wa pili. Kisha akainuka na uso wa furaha.

"Jamani wateja wangu!" akasema kwa sauti. "Mungu awabariki! Kumbe jana mlivyokuja mmoja mmoja mkanimalizia mzigo wote, ilikuwa kwa ajili ya leo? Na mimi nilidhani kuna msiba!"

"Unasemaje, Mama Kitojo?" Bi Navoneiwa akauliza.

"Si hizi ndizi zangu, Mwenyekiti. Kamba zangu hizi za gunia la kijani, nafunga mwenyewe. Na magimbi haya yameletwa na lori kutoka bondeni." Ndipo akaona nyuso za watu. Weee! Yule mama alitamani ardhi ipasuke immeze. "Au nimekosea," akaongeza polepole, lakini maji yalikwisha mwagika.

Bi Navoneiwa akasimama. Hakugomba. "Sitaki kumuumbua mtu," akasema. "Aliyeweka kitu kilichotoka shambani mwake mwenyewe asimame. Asiyeweka, abaki ameketi. Mungu anatuona, na Mama Kitojo naye yupo."

Watu wakatazama vidole vya miguu. Mzee Senkondo alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha kwenye shamba lake, kuanzia barabarani mpaka mtoni. Mwingine shamba lake lilikuwa pori. Mwingine alishalikata viwanja. Wote hao walikuja kutetea kilimo, na hakuna aliyekuwa na jembe lenye makali.

Aliyesimama alikuwa Mbonea peke yake.

Macho yote yakamgeukia Bi Nakunda. Kikapu chake kilikuwa cha ukindu, hakikuwa na kamba ya mtu yeyote. Mama Kitojo hauzi maharage. Angesimama tu, nani angejua? Wangekuwa wawili, na mwenyekiti angeamua katikati yao.

Bi Nakunda hakusimama.

"Maharage haya nimenunua mjini," akasema. "Shamba langu halijanipa maharage huu mwaka wa tatu. Nililima, nikapanda, nikapalilia. Yakanishinda. Niliona aibu kuja mikono mitupu mbele yenu. Nisameheni."

Kaka yake, aliyekuwa ameketi nyuma yake, akashika kichwa. "Dada, umejimaliza," akanong'ona, na kila mtu akasikia.

Kwa desturi ile, shauri zima sasa lilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa mpinzani wake! Kwa miaka miwili Mbonea alinyoosha mkono wake kukataa pamoja na wengine, ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza sababu.

"Sema, Mbonea," Bi Navoneiwa akamwambia. "Ni wewe tu."

Mbonea akasimama, akavua kofia, akaizungusha mkononi. "Mimi sina shida na bangi," akasema. "Itanuka, nitaizoea, hata nguruwe wa shemeji niliwazoea. Shida yangu ni mfereji. Maji yanapita kwake ndipo yafike kwangu. Vitalu vinakunywa maji. Akiyafunga kidogo tu usiku, mimi nitaamka asubuhi nikute mchicha umelala, na sitakuwa na ushahidi wa kumpeleka popote. Ndiyo maana nilikataa. Nilijiuliza, nitamwaminije?"

Bi Nakunda alikuwa akilia bila kujificha.

"Leo nimepata jibu," Mbonea akasema. "Huyu alikuwa na uwezo wa kutudanganya na tusijue kamwe. Uongo huo ungemwachia shamba la baba yake, na bado hakuusema. Mtu wa namna hii akiniambia hajagusa maji yangu, nitamwamini. Vitalu vijengwe kule juu kwenye mawe, maji yake yawe ya tangi la mvua, na zamu zangu za mfereji zibaki zangu. Kwa masharti hayo, mimi nakubali."

Bi Navoneiwa akaandika. Ofisa wa ardhi akagonga muhuri. Mzee Senkondo akataka kusema kitu, akakumbuka mkungu, akaomba maji ya kunywa.

Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa kikali, na lile tangi likabaki na matope. Jioni moja Mbonea akasikia hodi. Alikuwa Bi Nakunda, na nyuma yake meneja wa kampuni, amenuna.

"Kaka Mbonea, shikamoo," akasema. "Tangi limekauka na miche inakufa. Huyu bwana anasema nifungue mfereji, eti utakuwa umelala hutajua. Zamu ni yako kuanzia usiku huu mpaka kesho. Nimekuja kuomba, na ukikataa nitarudi nyumbani."

Mbonea akachukua tochi na jembe. "Twende nikufungulie mwenyewe," akasema. "Mpaka kesho saa sita mchana maji ni yako."

Funzo: Jirani hatakuamini kwa ukubwa wa sauti unayotetea nayo haki, atakuamini kwa ule ukweli uliousema siku ambayo uongo ungekufaa zaidi.