Fomu Moja, Wachovu Watatu

Haya, kaeni vizuri, na anayetaka kupiga miayo apige sasa, maana hawa ninaowasimulia wamechoka kuliko nyinyi.

Walikuwepo watu watatu waliotunza seva, yaani kompyuta kuu yenye orodha ya damu yote, ya benki ya damu katika mji wa Nyangamba. Wa kwanza, mwanamke aitwaye Sikujua, alikuwa na jicho: hakuna orodha aliyoisoma asione kosa lake. Tumsifu alikuwa na subira: angerudia jambo mara mia bila kununa. Kombo alikuwa na mkono mwepesi, hata uzi angeutunga kwenye sindano amefumba macho. Wote watatu hawakuwa wamepata likizo kwa miaka mitatu, kwani seva ile haikutakiwa kuzimwa, na wao ndio walioilinda.

Seva ilikuwa na kadi nne za kumbukumbu: mbili za kudumu, na mbili za kuchomolewa hata mashine ikiwa kazini. Ila palikuwa na sharti. Kiini cha mfumo, yaani ile programu inayoamka kwanza na kuzitawala nyingine zote, kikishaweka vitu vyake mahali, havihamishiki tena. Kikiviweka kwenye kadi ya kuchomolewa, kadi hiyo haitoki ng'o! Na kiini kile, jamani, kiliamka na usingizi machoni, kikatupa vitu popote kabla hakijasoma jedwali la kukiambia kadi ipi ni ipi.

Mwaka uliotangulia kadi ya tatu, mojawapo ya zile za kuchomolewa, iliharibika. Wakataka kuitoa, ikagoma, ikabidi wazime seva dakika arobaini. Mama mmoja aliyetoka kujifungua alisubiri damu huku watu wakipekua madaftari. Alipona, lakini Sikujua hakuisahau sauti ya mume wa mama yule mlangoni: "Damu ipo au haipo?"

Basi Sikujua akalisoma lile jedwali mstari kwa mstari, siku kumi na tisa. Akagundua limeandikwa kwamba kadi zote nne ni za kudumu. Uongo mtupu! Akalisahihisha.

Tumsifu naye akakifunza kiini adabu: kikiamka, kijibane pale pale kilipo, kwenye kadi ya kudumu, kisiguse kwingine mpaka kimelisoma jedwali. Aliizima na kuiwasha mashine ya majaribio mara mia mbili na kumi na moja. Mkewe alijifungua yeye akiwa kwenye jaribio la mia na arobaini, na habari aliipata kwa simu. Kazi ilipokamilika, seva ikawashwa upya mara moja tu, kwa mpango, madaftari yakiwa tayari.

Miezi ikapita. Jumanne moja, saa nne asubuhi, kadi ya nne ikaanza kuharibika. Mfumo ukahamisha yaliyokuwamo, taa ya kadi ikazimika, maana yake itoeni. Lakini kishikizo chake kilikuwa kimepinda, na kuitikisa kadi ya jirani kungeiangusha seva nzima. Kombo akavua saa, akashusha pumzi, akaivuta. Ikatoka! Wodini hakuna aliyejua kama kulikuwa na jambo.

Mkuu wao, Mama Chiduo, akaja na fomu.

"Makao makuu wamewapa likizo ya siku kumi na nne. Ya mtu mmoja. Dereva wa kuirudisha fomu anaondoka saa sita, na fomu isiyo na jina inakwenda kituo kingine. Sikujua, wewe ndiye mkubwa wao, jaza." Akaenda zake.

Sikujua alitaka kulia kwa uchovu. Ijumaa mama yake alikuwa anapasuliwa macho huko Sumbawanga, na hakuwa na mtu wa kumshika mkono.

"Bila jedwali langu, kiini kingejuaje?" akasema.

"Na bila kiini kutulia, dada, jedwali lingesomwa mambo yameshaharibika," Tumsifu akajibu taratibu. "Mwanangu ana miezi minne. Sijambeba mchana hata mara moja."

Wakamgeukia Kombo. Kichwa chake kilikuwa kimelala mezani.

"Bila mkono wangu mngezima tena," akasema. "Lakini mimi sina mgonjwa wala mtoto. Nimechoka tu. Au mpaka mtu awe na shida nyumbani ndipo apumzike?"

Zilibaki dakika tano kufika saa sita, na dereva alishaanza kupiga honi. Sikujua akaiweka kalamu kwenye mstari wa jina.

Nami naishia hapo, maana kila nikisimulia nashindwa kuendelea. Je, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na kesho asubuhi, wale wawili waliobaki ungewasalimiaje?