Pimbi na Baba Aliyechelewa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na shule yao kule majabalini, na mwalimu alikuwa Pimbi, mdogo kama ngumi.

Kengele ya jioni ikilia, ngri! wazazi walikuja kuchukua watoto wao. Siku zote alibaki mmoja, Zawena, binti wa Nyati. Mama yake alikwisha kufa. Baba alipitia kwanza mtoni kwa madume wenzake, akapiga soga mpaka jua linazama.

Pimbi alisema naye sana. "Bwana Nyati, mtoto anabaki uani peke yake, nami nina wanangu wananisubiri."

"Aa, mwalimu! Wewe si upo?" Nyati akapiga kwato, pu! Nani angebishana na pembe zile?

Jioni moja Pimbi akaona nyayo za Fisi nyuma ya ua. Akamwingiza Zawena pangoni.

"Nyamaza humu, mwanangu, mpaka nikuite."

Akakaa nje, akangoja. Nyati akafika akihema.

"Yuko wapi binti yangu?"

"Ameshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na aliyejiita baba yake. Nikamuuliza, mtoto ana alama gani? Akasema, jino la mbele limeng'oka. Anaogopa nini? Akasema, radi. Nikampa. Kwani wewe, Bwana Nyati, hilo jino ulijua?"

Nyati akatikisa kichwa.

"Mwalimu, ni nani huyo?"

"Fisi. Hujibanza nyuma ya ua, akamsikiliza mtoto akijisemea peke yake."

"Ole wangu! Mwanangu!" Dume zima lile likaanguka magoti, tii! likalia mpaka majabali yakaitikia.

Pimbi akamwacha alie. Kisha akaita, "Zawena, njoo." Akamgeukia Nyati. "Nimekudanganya, bwana. Fisi hakupewa mtu. Lakini nyayo zake zile pale, kazitazame."

Zawena akatoka polepole. Baba akamkumbatia, akamlowesha machozi.

"Sichelewi tena, mama. Sichelewi tena!"

Mtoto akamgeuzia Pimbi shingo, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, kesho nikibaki, nikae humu humu pangoni?"

Nyati alisikia, akainamisha pembe zake, wakaondoka, mtoto nyuma, baba mbele.

Nami naishia hapo, wanangu, ila shikeni hili: mtoto anayesubirishwa kila siku, mwisho huzoea kutosubiri mtu.