Fimbo Aliyoikalia Bundi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Moto uko?
— Uko!
— Masikio yako?
— Yako!
— Na aliyesinzia?
— Mfinyeni!

Basi hapo kale, juu ya mlima wenye ukungu, waliishi Shekiondo na mkewe Mboza, mama wa Nyange. Shamba lao lilikuwa dogo: ukipiga chafya ukingo wa juu, wa ukingo wa chini anakuambia, “Afya!” Lilikuwa na pembe tatu zisizolimwa. Pembe ya kichaka, pembe ya kidimbwi, pembe ya mti mkavu. Katikati mahindi, mahindi, mahindi.

Siku moja akaja Hiza, kaka yake Mboza, tajiri wa mbuzi na wa maneno. Akaegemeza fimbo mpya mlangoni.

“Shemeji, kila mwaka ghala lako linalia njaa. Mwaka huu likiwa tupu tena, acha kilimo, uje unichungie mbuzi. Fimbo yako hiyo, nimekuchongea mwenyewe.”

Shekiondo akaumia. “Mimi? Nichunge mbuzi wa shemeji yangu, watoto wanione?” Asubuhi akanoa panga. “Nitapanda mahindi pembe zote!”

Akaenda kichakani. Nyuki wakavuma:

“Shusha panga, Shekiondo! Tukienda, hatuendi peke yetu!”

“Nendeni na bibi zenu!” Akafyeka. Nyuki wakaenda.

Akaenda kidimbwini. Chura akatoa macho:

“Shusha jembe, Shekiondo! Nikienda, siendi peke yangu!”

“Nenda na mdomo wako!” Akafukia. Chura akaenda, pwata, pwata, pwata.

Akaenda kwenye mti mkavu. Bundi akageuza kichwa mpaka mgongoni:

“Shusha shoka, Shekiondo! Nikienda, siendi peke yangu!”

Shekiondo akaruka nyuma. “Ndege wa wachawi! Unaniitia msiba kwangu?” Akamrushia mawe, akaukata mti. Bundi akaenda.

Masika yakaja. Mahindi yakaota kila mahali, hata mlango wa choo ukawa hauonekani. Shekiondo akatembea kifua mbele.

Lakini maua ya maboga aliyopanda Mboza kati ya mahindi yakaanguka yangali maua, maana nyuki hawakuwapo. Viwavi wakala majani, maana chura hakuwapo. Kisha wakaja panya. Wakapanda mabua, wakakaa juu ya mahindi wakitafuna na kuimba:

“Bundi kaenda, sisi tumekuja! Asante, Shekiondo! Ongeza, Shekiondo!”

Siku ya kuvuna, Shekiondo akachungulia ghalani. Ghala nalo likamchungulia.

Jioni Mboza akainjika uji. Akang'oa figa la kwanza, akang'oa la pili, chungu akakiacha juu ya moja. Chungu kikayumba, kikalala, uji ukamwagika majivuni.

“Mama Nyange! Una wazimu?”

“Mimi nimemwaga chungu kimoja, baba. Wewe umemwaga shamba zima. Figa moja haliinjiki chungu! Vuli bado. Shika fimbo, uende. Kwa mbuzi wa kaka yangu, au kwa wale uliowafukuza. Chagua.”

Shekiondo akashika fimbo, akafika njia panda. Kushoto mbuzi, kulia msitu. Akatazama kushoto, akasikia mbuzi wakilia “meee” kama wanaomcheka. Akakata kulia.

“Jamani nyuki, rudini.”

“Tupandie maua, tutundikie mizinga.”

“Ndugu yangu chura, rudi.”

“Nirudishie maji yangu.”

Akafika kwa Bundi. Akainama kabisa.

“Shikamoo, Bundi.”

“Marahaba. Leo mimi si mchawi?”

“Si mchawi. Watu wakiuliza, nitasema wewe ni bibi yangu.”

“Mimi ni dume.”

“Basi babu! Babu yangu mpenzi!”

Bundi akacheka. “Nitarudi. Lakini mti umeukata. Nitakaa wapi, kichwani kwako?”

Shekiondo akaitazama fimbo ya Hiza. Akarudi mbio, akaichomeka katikati ya shamba. Kisha akakifukua kidimbwi na kupanda magimbi kandoni, akapanda maua, akatundika mizinga.

Vuli ikaja chovu, jua likazidi mvua. Mahindi yakatoka haba, ila yaliyotoka hayakuguswa na panya. Kidimbwini Mboza akachimba magimbi manene kama mapaja ya mcheza ngoma. Mizingani wakarina asali. Maboga yakajaa hata njia ikazibwa. Mboza akabeba asali na magimbi gulioni, akarudi na mahindi ya kujazia ghala.

Hiza akaja akipiga mluzi. “Shemeji! Nimeona mahindi yako, kiganja kimoja! Mbuzi wanakungoja!”

“Karibu kwanza ule, shemeji.”

Akala gimbi. Akala boga. Akaramba asali mpaka kiwikoni. Akachungulia ghalani, ghala limejaa. Akakohoa.

“Haya. Basi nirudishie fimbo yangu.”

“Ile pale shambani. Kaichukue mwenyewe.”

Hiza akaenda, akanyoosha mkono. Juu ya fimbo, macho mawili makubwa yakafumbuka.

“Shusha mkono, Hiza!”

Wee! Hiza aliteremka mlima kiatu kimoja mguuni, kimoja hewani, na mbuzi wake wakamkimbia wakidhani ni chui.

Nanyi wenye kashamba kadogo, msikategemeze kwenye figa moja. Na anayewasaidia kukishika chungu, mwachieni pa kukaa.

Mimi nilikuwapo. Mboza alinifungia asali kwenye jani nije niwagawie. Njia ilikuwa ndefu, mdomo ulikuwa karibu. Asali imekwisha, jani hili hapa, rambeni. Hadithi naiacha jikoni, wa kuamka mapema aichochee.