Njuga za Mlima Kungu

Ninayo, ninayo!
Ilete tuione!
Inapanda mlima!
Isukume, tupo nyuma!

Basi hapo kale wanyama wa Mlima Kungu walikuwa na chama cha baiskeli. Kapteni wao alikuwa Chui, mwenye mapaja mazito na tumbo lisiloshiba. Kila Jumamosi walipanda mlima katika ukungu. Vijana, Swala na Tumbili, walitangulia, shwaa, shwaa! Wazee walifuata. Chui alikaa nyuma ya wote, eti amlinde wa mwisho. Na kila Jumamosi, wa mwisho hakufika. Chui alifika peke yake, akipangusa midomo. "Ukungu umemchukua," alisema. "Mungu amrehemu."

Wa juzi alikuwa Bi Mwanakheri, mke wa mzee Nguchiro. Ilirudi baiskeli yake tu, na njuga zake zikining'inia chini ya kiti.

Sasa wa mwisho alikuwa Nguchiro mwenyewe. Magoti yalimuuma, pumzi ilikuwa fupi. Lakini mkewe hakuwa na kaburi. Alitaka kumwombea kileleni, huko mkewe alikokuwa akienda. Jumamosi ile asubuhi alizifungua njuga za mkewe, akamwendea Chui.

"Kapteni, nikujazie upepo gurudumu la nyuma?"

"Jaza, babu. Leo tutakwenda polepole, mimi na wewe."

Akajaza, fyuu, fyuu. Kisha akazifunga njuga chini ya kiti cha Chui, akazisindilia majani zisilie mapema. Barabara ya mawe ingeyakung'uta.

Chama kilikuwa na desturi: ukisikia mlio nyuma yako, sogea kando umpishe mwenzako, wala usigeuke. Hata kapteni.

Wakapanda. "Babu, tutakuwekea chai!" vijana wakaita, wakapotea. Ukungu ukafunga. Nguchiro akanyonga, kwiko, kwiko. Nyuma yake alimsikia Chui akimeza mate.

Mawe yakaanza. Chelele.

Chui akasogea kando. "Pita." Hakupita mtu.

Chelele, chelele.

"Pita, nimesema!" Hakupita mtu. "Babu, nani yuko nyuma yangu?"

"Hayupo mtu, Kapteni. Wewe ndiye wa mwisho."

"Nazijua njuga hizi!"

"Hata mimi nazijua."

Chui akakimbiza baiskeli. Akikimbiza, zinalia; zikilia, anakimbiza. Chelelelele! Akampita Nguchiro, akaipita na kona, akaingia korongoni. Gudu! Kimya.

Nguchiro akashuka, akasukuma baiskeli hatua kwa hatua, akisoma dua. Karibu na kilele akasikia nyuma yake, taratibu: chelele.

Njuga zilikuwa korongoni.

Hakugeuka. Akasogea kando, akavua kofia. "Pita, mama," akasema. Baridi ikampita begani, ikapanda.

Kileleni Swala akamletea chai. "Shikamoo, babu. Mbona umechelewa?"

"Marahaba. Nilikuwa nampisha mtu."

Hadithi imefika juu. Aliyechoka na apumue. Na funzo lake, watoto, ni hili: mtiini kapteni wenu, lakini msikubali kubaki naye nyuma mlimani.